Pampu ya joto inayosaidiwa na jua: mwongozo wa kupata maji ya moto na joto la nyumbani katika nyanda za baridi

Saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa saba, nilichota maji ya bomba nyumbani kwangu Njombe nikatumbukiza kipimajoto ndani ya ndoo: nyuzi 14. Mji huu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na yeyote anayeishi huku, au Makete, au Mufindi, au kule Kenya katika miji ya Limuru na Nyahururu, anajua kwamba maji ya moto si anasa. Mtoto haogeshwi kwa maji ya nyuzi 14 kabla ya kwenda shule, na mama aliyetoka kujifungua hawezi hata kuyagusa. Wengi wetu tunayachemsha kwa kuni za miwati, kwa mkaa, au kwa hita ya umeme ambayo humaliza uniti za LUKU kabla mwezi haujafika katikati.

Mwongozo huu unaeleza njia nyingine, yaani pampu ya joto inayosaidiwa na jua. Nitaeleza namna ya kujua kama inakufaa, namna ya kuipimia ukubwa, mahali pa kuiweka, namna ya kuiunganisha na kuiendesha, na mwishoni namna ya kuitumia teknolojia hiyohiyo kupasha chumba joto. Jambo moja nitalirudia mara kwa mara, kwa sababu ndilo linalotenganisha mtambo unaookoa fedha na mtambo unaozila: pampu ifanye kazi mchana, na tanki la maji liwe ndiyo betri yako.

Inavyofanya kazi

Weka kiganja nyuma ya friji inayofanya kazi, utahisi joto. Joto hilo halikutengenezwa na umeme peke yake. Sehemu kubwa yake ilikuwa ndani ya chakula na hewa ya friji, ikavutwa na kutupwa nje. Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa kazi: inavuta joto lililomo katika hewa ya nje, hata hewa tunayoiona baridi, na kulisukuma ndani ya maji. Gesi maalumu huingia katika koili ya kwanza ikiwa kimiminika baridi kuliko hewa, hufyonza joto na kuwa mvuke. Kompresa huuminya mvuke huo hadi ukawa moto kuliko maji ya tanki, nao hupita katika koili inayozunguka tanki, huacha joto lake, hurudi kuwa kimiminika, na safari huanza upya. Umeme hutumika kuendesha kompresa na feni tu. Ndiyo maana uniti moja ya umeme huweza kuingiza katika maji joto la uniti tatu hivi, wakati hita ya kawaida kwa uniti moja hutoa joto la uniti moja na si zaidi.

Si teknolojia changa. Peter von Rittinger aliijenga nchini Austria katika miaka ya 1850, katika kazi ya kukausha chumvi. Kilicho kipya kwetu ni kuwa mitambo midogo ya nyumbani, yenye tanki na pampu katika mwili mmoja, sasa inaweza kuagizwa na kufungwa na fundi wa kawaida anayejali kazi yake.

Jua husaidia kwa njia mbili. Kwanza, hewa ya mchana ina joto zaidi, na kadiri hewa inavyokuwa na joto ndivyo kompresa inavyofanya kazi nyepesi. Pili, jua lenyewe linaweza kutoa umeme wa kompresa kwa paneli za sola, au kupasha moja kwa moja koili au maji.

Hatua ya 1: Amua kama unaihitaji kweli

Nasema hili mapema kwa sababu nimeona watu wakiagiza mtambo wa gharama ambao hawakuuhitaji. Kama unaishi Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, au nyumba yako ina watu wawili watatu na paa lisilo na kivuli, mtambo wa kawaida wa sola ya maji, ule wenye tanki juu ya paa na mirija ya kioo chini yake, utakutosha na ni rahisi kuutunza. Pampu ya joto ina maana pale ambapo watu ni wengi, au kuna wapangaji au wageni, au paa lina kivuli cha miti, au miezi ya mawingu ni mirefu kiasi kwamba sola ya maji hugeuka kuwa hita ya umeme kwa majira mazima.

Angalia pia tabia ya hewa ya kwako. Kwetu Njombe, kipupwe cha Juni hadi Agosti ni cha baridi kali usiku lakini mchana mara nyingi mbingu ni nyeupe na jua linawaka. Mawingu mazito huja na mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, wakati ambapo baridi imepungua. Limuru na vilima vya Nairobi ni kinyume: Julai baridi na mawingu huja pamoja, na jua linaweza kujificha siku kadhaa. Mkazi wa Njombe anaweza kutegemea paneli za sola katika miezi ya baridi kali. Mkazi wa Limuru lazima ahesabu kwamba mwezi wa saba sehemu ya umeme itatoka kwenye nguzo.

Hatua ya 2: Pima maji mnayotumia

Usikubali kuuziwa tanki kwa kuulizwa idadi ya vyumba. Vyumba haviogi. Chukua ndoo ya lita 20, iweke chini ya shawa, fungua kama unavyofungua ukioga, na uhesabu sekunde hadi ijae. Ikijaa kwa dakika mbili na nusu, shawa yako inatoa lita 8 kwa dakika, na anayeoga dakika saba anatumia lita 56.

Si lita zote hizo zinatoka kwenye tanki la moto. Maji ya kuoga yanayopendeza ni ya nyuzi 40 hivi, na hupatikana kwa kuchanganya maji ya tanki ya nyuzi 55 na maji baridi ya nyuzi 15. Ukifanya hesabu, katika kila lita 8 za mchanganyiko huo, lita 5 ni za moto na 3 ni baridi. Kwa hiyo anayeoga kwa shawa dakika saba anachukua lita 35 za tanki, na anayeoga kwa ndoo moja ya lita 20 anachukua lita 12 na nusu. Hapa ndipo kawaida ya nyumba inapoamua kila kitu: familia ya watu sita ambao wanne huoga kwa shawa na wawili, tuseme bibi na mtoto mdogo, huogea ndoo, inahitaji lita 140 na lita 25, yaani 165, na ukiongeza lita 20 za vyombo unapata 185. Tanki la lita 200 linawatosha. Familia hiyohiyo wakioga wote kwa ndoo ingehitaji lita 95 tu pamoja na vyombo.

Andika hesabu yako kwa wiki nzima, na Jumapili iwemo, kwa sababu ndiyo siku ambayo watu wote huoga kwa wakati mmoja kabla ya kwenda kanisani.

Hatua ya 3: Geuza lita kuwa uniti na uniti kuwa shilingi

Kanuni ni moja na inafaa kuikariri: kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja huhitaji wati-saa 1.163. Lita 200 zinazotoka nyuzi 15 hadi 55 zimepanda nyuzi 40, kwa hiyo zinahitaji 200 mara 40 mara 1.163, ambayo ni wati-saa 9,304, au uniti 9.3 za joto kwa siku.

Kwa hita ya kawaida hizo ni uniti 9.3 za umeme kila siku, karibu 280 kwa mwezi. Kwa pampu yenye ufanisi wa tatu ni uniti 3.1 kwa siku, karibu 93 kwa mwezi. Tofauti ni uniti 186. Zidisha kwa bei ya uniti inayoonekana kwenye risiti yako ya LUKU au ya tokeni. Kwa bei ya shilingi 350 za Tanzania, hiyo ni zaidi ya shilingi 65,000 kila mwezi hata kabla ya paneli ya kwanza ya sola kupanda juu ya bati. Ongeza kidogo kwa ajili ya joto linalopotea kupitia kuta za tanki usiku. Tanki zuri lenye povu nene hupoteza kama uniti moja hadi moja na nusu ya joto kwa siku, na bovu hupoteza zaidi.

Wateja wa TANESCO walio katika kundi la matumizi madogo na bei nafuu, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, wajue kwamba hita ya umeme huwatoa humo mara moja, na hata pampu ya lita 200 bila sola inaweza kuwatoa. Kwao paneli za sola zina thamani kubwa kuliko uniti zenyewe zinazookolewa.

Hatua ya 4: Chagua namna jua litakavyoingia

Njia ya kwanza, ambayo ndiyo ninayoipendekeza kwa nyumba nyingi, ni pampu inayovuta joto la hewa, ikipata umeme kutoka kwenye paneli za sola kwa kupitia inveta, yaani kifaa kinachougeuza umeme wa paneli uwe kama wa nguzo. Sehemu mbili hizi hazishikamani. Paneli zikiharibika pampu itaendelea kwa umeme wa nguzo, na pampu ikiharibika paneli zitaendelea kuwasha taa na friji.

Njia ya pili ni ile ambayo gesi yenyewe hupanda juu ya paa na kupita katika bamba la alumini lisilo na kioo, likapigwa na jua, upepo na hata mvua. Bamba hilo ndilo koili ya kuvuta joto. Jua likiwaka vizuri ufanisi wake hupanda sana, na usiku bado linavuta joto la hewa ingawa kwa unyonge. Halina feni, kwa hiyo halina kelele. Tatizo lake ni kwamba mabomba ya gesi hupitishwa kutoka paani hadi kwenye tanki, na kila kiungio lazima kifungwe na fundi friji mwenye pampu ya kutoa hewa na mizani ya kupimia gesi. Mahali ambapo fundi wa namna hiyo yuko umbali wa siku nzima ya safari, tundu dogo la sindano linatosha kukulaza na maji baridi kwa wiki mbili.

Njia ya tatu ni kwa mwenye sola ya maji tayari. Usiing'oe. Iache ipashe maji kwanza, kisha maji yake yaingie katika tanki la pampu, nayo imalizie nyuzi zilizobaki. Siku ya jua kali pampu haitawaka kabisa. Siku ya mawingu itafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na koili ya umeme.

Hatua ya 5: Soma kibandiko kabla ya kulipa

Ufanisi huandikwa kwa herufi COP. Namba hiyo peke yake haina maana mpaka ujue ilipimwa kwa hewa ya nyuzi ngapi na maji ya nyuzi ngapi. COP ya 4 kwa hewa ya nyuzi 20 inaweza kushuka karibu na 2.5 kwa hewa ya nyuzi 7, ambayo ndiyo hewa ya alfajiri ya kipupwe. Muulize muuzaji jedwali zima, na kama hana, mwambie akutafutie.

Angalia pia jina la gesi. R134a bado imo katika mitambo mingi, nayo ikivuja hupasha anga zaidi ya mara 1,000 ya uzito uleule wa kaboni dayoksaidi. Ni gesi za jamii hii ambazo mataifa yalikubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua katika mkutano uliofanyika Kigali, Rwanda, Oktoba 2016. R290, ambayo ni propani safi, haina madhara hayo na hupasha maji hadi nyuzi zaidi ya 65 bila shida, lakini inashika moto. Mtambo wake uwekwe mahali penye hewa ya kutosha, mbali na jiko, na usifunguliwe na fundi asiyeijua.

Hatua ya 6: Tafuta mahali

Hapa ndipo nilipokosea, na ninaeleza ili mwingine asirudie. Fundi aliyenifungia mtambo wa kwanza alishauri uwekwe stoo, chumba cha mita mbili kwa moja na nusu, kwa sababu kilikuwa karibu na bafu. Mlango ulifungwa, tukawasha, tukaondoka tukiwa na furaha. Jioni maji yalikuwa nyuzi 38. Nilipofungua stoo nilikutana na baridi kama ya bucha, na koili ilikuwa imefunikwa na utando mweupe wa barafu. Pampu ilikuwa imevuta joto lote la hewa ya chumba kile kidogo, kisha ikaendelea kuivuta hewa ileile iliyokwisha kupozwa. Tulitoboa ukuta mara mbili, tukaweka bomba moja la kuingiza hewa kutoka nje na jingine la kuitoa upande wa pili wa kona ili zisikutane, na kesho yake saa tisa alasiri maji yalifika nyuzi 55.

Kwa hiyo, mtambo wenye tanki na pampu pamoja uwekwe kibarazani penye paa, au katika chumba chenye mita za ujazo 20 au zaidi kinachopitisha hewa, au uunganishwe na mabomba ya hewa kama nilivyofanya. Ukuta unaotazama jua la asubuhi ni mzuri kuliko wa upande wa kivuli. Usiuelekeze kwenye dirisha la chumba cha kulala, kwa kuwa feni na kompresa zina mvumo. Hewa baridi inayotoka unaweza kuielekeza kwenye ghala la viazi au maparachichi. Yangu hupita hapo, na viazi vinachelewa kuchipua.

Mtambo wa lita 200 uliojaa una uzito wa karibu kilo 300. Msimamishe fundi yeyote anayetaka kuupandisha juu ya dari. Mwagia zege la sentimita 10, liwe sawasawa, na uache mwinamo mdogo wa maji kutiririka, kwa sababu koili hutoa jasho jingi wakati wa mvua na jasho hilo lazima liwe na bomba lake la kwenda nje.

Mtambo ukifika kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 600, muulize dereva kama ulilazwa. Ukiwa ulilazwa, uusimamishe wima na usubiri saa 24 kabla ya kuuwasha ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Ni saa 24 zenye kuchosha, lakini kompresa iliyowashwa bila mafuta haitengenezeki.

Hatua ya 7: Mabomba na valvu

Maji baridi yanayoingia kwenye tanki na maji baridi yanayokwenda kwenye shawa yatoke chanzo kimoja, yaani tanki lilelile la juu. Ukichukua baridi ya shawa kutoka bomba la mtaa lenye nguvu na moto kutoka tanki la juu lenye presha ndogo, baridi itasukuma moto urudi nyuma, na utaoga maji yanayobadilika kila sekunde. Kumbuka kwamba tanki lililo mita 3 juu ya shawa hutoa presha ya ba 0.3 tu. Kama haitoshi, ongeza kimo cha mnara au weka pampu ndogo ya maji itakayosukuma pande zote mbili kwa pamoja.

Mabomba ya moto yawe ya PPR yaliyoandikwa PN20, au ya shaba. Bomba la plastiki nyeupe la maji baridi litalegea na kupinda. Yavishe sponji nyeusi urefu wote, hata yanayopita ndani ya ukuta. Bomba la moto likiwa na urefu wa mita 15 bila sponji, kila anayeoga humwaga kwanza maji yaliyopoa ndani yake.

Valvu ya usalama ya ba 7 hufungwa kwenye tanki, na bomba lake la kumwagia lielekee chini mpaka nje, lisizibwe kamwe. Maji ya lita 200 yakipashwa kutoka nyuzi 15 hadi 55 hutanuka karibu lita 3, na kama kwenye njia ya kuingilia kuna valvu ya kuzuia maji kurudi, lita hizo hazina pa kwenda isipokuwa kupitia valvu ya usalama. Ukiiona inadondoka mchana pampu inapofanya kazi, haijaharibika. Nimeona kijana mmoja akiikaza na kuiziba kwa kipande cha mbao ili isichafue sakafu. Tanki lililozibwa hivyo linaweza kupasuka likabomoa ukuta.

Nyumba yenye watoto au wazee iwe na valvu ya kuchanganya inayoshusha maji ya bafuni hadi nyuzi 45 hivi. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache.

Hatua ya 8: Umeme na paneli

Mpe fundi umeme mwenye leseni kazi hii. Mtambo uwe na waya wake wa pekee kutoka kwenye breka ya ampea 16, breka ya kukata umeme unaovuja ya miliampea 30, na ethi iliyopimwa, si fimbo iliyochomekwa tu kwenye udongo mkavu. Ongeza kile kifaa watu wanachokiita friji gadi, chenye ampea zinazotosha, kinachosubiri dakika tatu hadi tano kabla ya kurudisha umeme. Umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo, na kompresa inayolazimishwa kuwaka ikiwa bado ina presha ndani huungua.

Kwa pampu inayotumia wati 600, inayofanya kazi saa tano, unahitaji uniti 3 kwa siku. Paneli tatu za wati 400, jumla wati 1,200, zinazitoa siku ya jua la wastani na ziada kidogo. Inveta iwe ya kilowati 2 au 3 kwa sababu kompresa ya kawaida inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kuendelea. Chagua inveta inayotumia jua kwanza na kujazia kwa umeme wa nguzo pale wingu linapopita. Ukitegemea paneli peke yake bila nguzo na bila betri, kompresa itazimika na kuwaka kila wingu linapopita, na hiyo ni namna ya haraka ya kuiua. Betri kwa ajili ya maji ya moto siipendekezi. Lita 200 za maji ya nyuzi 55 tayari zimehifadhi uniti 9 za joto, na tanki halichoki kwa kujazwa na kumwagwa kila siku kama betri inavyochoka.

Kwetu, karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, paneli zitazame kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Limuru iko karibu na ikweta. Mwinamo wa nyuzi 10 unatosha, na sababu kubwa ya kuinamisha ni mvua iweze kuosha vumbi.

Hatua ya 9: Kuwasha na kupanga saa

Jaza tanki kwanza. Fungua bomba la moto bafuni, acha maji yaingie mpaka hewa yote itoke na maji yatiririke bila kukohoa, ndipo uwashe umeme. Panga saa ya mtambo uwake saa nne asubuhi na usiendelee baada ya saa kumi alasiri, maji yafike nyuzi 55. Pampu ya wati 600 inayotoa wati 1,800 za joto huhitaji saa tano na dakika chache kukamilisha uniti 9.3, kwa hiyo muda huo unatosha hata pakitokea mawingu.

Ndani ya wiki za kwanza familia italalamika kwamba aliyeoga wa mwisho amepata vuguvugu. Usikimbilie kupandisha nyuzi hadi 65; ufanisi hushuka kila unapopandisha. Sogeza kwanza kazi za jikoni ziende mchana, au wale wasiotoka asubuhi waoge jioni.

Mara moja kwa wiki pandisha maji yote hadi nyuzi 60 au zaidi. Vijidudu vya lejionela, vinavyosababisha nimonia kali kwa anayevuta pamoja na hewa matone madogo ya shawa, huzaliana katika maji ya nyuzi 20 hadi 45 na hufa kwa joto hilo. Mitambo mingi ina kitufe au ratiba ya kufanya hivyo yenyewe kwa koili ya umeme. Ipange siku yenye jua, saa nane mchana.

Hatua ya 10: Kupasha chumba

Watu huniuliza kama pampu ileile inaweza kupasha nyumba. Ya maji ya kuoga haiwezi, ni ndogo. Lakini chumba kimoja kinawezekana, na ningependa tufike huko, kwa sababu kila kipupwe tunasikia familia iliyolala na jiko la mkaa ndani na haikuamka. Gesi ya mkaa unaowaka nusunusu haina harufu wala rangi, na dirisha lililofunguliwa kidogo si kinga ya kuaminika.

Anza na dari. Chumba cha mita 4 kwa 3, chenye ukuta wa tofali za kuchoma, dari ya ubao mwembamba chini ya bati, na dirisha lenye nafasi, nje ikiwa nyuzi 7 na ndani ukitaka 18, hupoteza kwa makadirio yangu karibu wati 1,100. Tandaza sufi ya kioo ya sentimita 10 juu ya dari na uzibe nyufa za mlango na madirisha, upotevu unashuka hadi wati 700 hivi. Sufi hiyo hununuliwa mara moja na haina bili.

Kisha kuna njia mbili. Nyepesi ni kiyoyozi cha ukutani chenye uwezo wa kupasha, ambacho nacho ni pampu ya joto, kiwashwe kuanzia saa kumi jioni kabla jua halijazama ili kuta zishike joto. Nzito, inayofaa kupangwa wakati wa ujenzi, ni mabomba chini ya sakafu yanayopitisha maji ya nyuzi 35, yakilishwa na tanki la pekee lililopashwa mchana. Lita 300 zinazoshuka kutoka nyuzi 50 hadi 30 hutoa karibu uniti 7 za joto, ambazo kwa chumba kilichozibwa vizuri zinatosha saa kumi, yaani kutoka saa mbili usiku mpaka kumekucha. Sakafu hutaka maji ya nyuzi chache, na hapo ndipo pampu hufanya kazi kwa ufanisi mkubwa kuliko inapopasha maji ya kuoga.

Matunzo

Kila mwezi wakati wa kiangazi, vumbi jekundu la barabara zetu likiwa juu, zima umeme na ufagie koili ya hewa kwa brashi laini kwa kufuata mistari yake. Usitumie maji yenye presha, yatalaza mapezi. Osha paneli alfajiri, si mchana zikiwa moto. Kila baada ya miezi sita nyanyua mkono wa valvu ya usalama uhakikishe maji yanatoka na yanakatika. Kila mwaka toa fimbo ya magnesi iliyomo ndani ya tanki. Fimbo hiyo huliwa na kutu badala ya tanki, na ikibaki waya mtupu weka mpya siku hiyohiyo. Maji yako yakiwa ya kisima na yakiacha utando mweupe kwenye sufuria, fungua bomba la chini la tanki umwage lita 10 kila baada ya miezi mitatu, na fimbo iangalie kila miezi sita. Andika tarehe zote hizo kwa kalamu ya wino mzito kwenye mwili wa mtambo, pamoja na uniti zilizosomwa siku hiyo, ili fundi atakayekuja baadaye asianze kwa kubahatisha.